Baada ya Arobaini: Tezi ya Shingo kwa Mama Aliyejifungua

Najua kurasa nyingi za jarida hili zimejaa mashairi ya mapenzi na insha za methali, nami sina ugomvi nazo, kwani hata mimi huzisoma za kwanza. Lakini leo naomba unikopeshe dakika chache nizungumzie jambo linalozuka katika nyumba zetu, hapa hapa kisiwani, kuanzia Kibokoni na Kuze mpaka Bondeni na Makadara, na watu wakalipa jina lisilo lake. Nalo ni maradhi ya tezi ya shingo yanayowapata wanawake baada ya kujifungua.

Sikia hesabu kwanza. Ukikusanya tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali, utaona kwamba katika kila wanawake 100 wanaojifungua, kiasi cha 5 hadi 10 hupatwa na hitilafu ya tezi hii kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Hebu chukua darasa lenye wanafunzi 50. Kwa hesabu hiyo, mama watatu au wanne, pengine hata watano, walipatwa na maradhi haya walipokuwa wakimnyonyesha huyo huyo aliyekaa dawatini leo akipiga miayo. Na hapo nimehesabu uzazi mmoja tu kwa kila mama. Sasa mgeukie mwenzako umuulize kama amewahi kuyasikia. Malaria tumeisikia, kisukari tumekisikia, presha ndiyo usiseme. Lakini hili la tezi ya mzazi, ah, wengi watakutolea macho tu.

Tezi yenyewe ni kitu kidogo. Ipo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, imekumbatia koo la pumzi kama kipepeo aliyekunjua mbawa, na uzito wake kwa mtu mzima ni gramu 20 hivi. Vitabu vingine huiita dundumio, vingine thiroidi. Mimi nitaiita tezi ya shingo ili tuelewane. Waliofika kidato cha nne wameshakutana nayo katika Biolojia: hutoa homoni iitwayo thairoksini, na homoni hiyo ndiyo inayoamua mwili uende kwa kasi gani. Ikizidi, moyo hukimbia, joto hupanda, chakula huungua upesi mwilini na mtu hukonda huku anakula. Ikipungua, kila kitu huzorota: moyo, tumbo, ngozi, hata fikira. Swali hili huja mtihanini kwa alama chache, tukajibu, tukafunga daftari, wala haitupitikii kwamba jibu lile lile huenda limelala chumba cha pili nyumbani, limejifunika shuka mchana kutwa.

Kwa nini basi tezi imwelee vibaya mwanamke aliyezaa? Mfano ninao karibu, na wewe upitaye Ndia Kuu unauona kila siku. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 ili ilinde bandari. Mwili nao una ngome yake, yaani kinga, yenye askari wanaopambana na vijidudu vya maradhi. Mwanamke anaposhika mimba, tumboni mwake kaingia mgeni, maana nusu ya kiumbe yule imetoka kwa babake. Askari wa kinga wakimshambulia, mimba itatoka. Kwa hivyo, kwa hekima yake Mola, askari hao hupunguza ukali kwa miezi ile tisa. Mtoto akishazaliwa, amri hubadilika na silaha huchukuliwa upya. Kwa wanawake wengi jambo hili hupita salama. Kwa wengine, askari hurudi kwa pupa, wakaanza kuipiga mizinga nyumba ya mji wao wenyewe, na nyumba hiyo ndiyo tezi ya shingo.

Hapo sasa ndipo mambo yanapochanganya watu, kwa sababu maradhi haya yana sura mbili, na ya pili ni kinyume cha ya kwanza. Tezi huwa na akiba ya homoni ya kutosha miezi miwili mitatu, kama vile ghala la nafaka. Inaposhambuliwa, kuta za ghala hutoboka na akiba yote humwagika katika damu kwa wakati mmoja. Hii ndiyo sura ya kwanza, nayo huja kati ya mwezi wa kwanza na wa sita baada ya kujifungua. Moyo humdunda mama hata akiwa amekaa, mikono humtetemeka, jasho humtoka hata upepo wa kusi ukivuma, usingizi humpaa hata mtoto akilala. Neno dogo tu huwaka. Baada ya wiki kadhaa ghala huwa tupu, na tezi iliyojeruhiwa haiwezi kulijaza. Ndipo ije sura ya pili, kati ya mwezi wa tatu na wa kumi na mbili hivi: uchovu usioisha kwa kulala, baridi mwilini katika Mombasa hii yenye joto, choo kigumu, ngozi kavu, uzito kuongezeka, nywele kudondoka, kusahau sahau, na moyo kuwa mzito kwa huzuni. Si kila mwanamke huziona sura zote mbili. Karibu nusu yao huiona ile ya pili peke yake, na waliobaki hugawanyika kati ya wale wanaoipata ya kwanza tu na wale wanaozipitia zote. Tezi haiumi. Mara nyingi shingo haivimbi, au huvimba kidogo tu. Yaani mgonjwa hana hata pahali pa kuonyesha kidole akasema, "Hapa ndipo paniumapo."

Msomaji wangu, hebu tazama miezi hiyo, kisha tazama desturi zetu. Hapa Mji wa Kale mzazi hupewa heshima yake bila ubishi. Siku arobaini hatoki, hafui, hainui ndoo. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, hufukiziwa udi, huletewa supu ya kuku wa kienyeji na uji wenye pilipili manga. Mamake yupo, mkunga yupo, mashangazi wanapishana ngazini. Mimi sitawakejeli wazee wetu kwa hayo, kwani mwanamke aliyezaa anahitaji kupumzika na kulishwa, na hata wauguzi husema hivyo hivyo. Lakini siku ya arobaini ikifika, mtoto hutolewa nje, watu hula na kufurahi, na mashangazi hurudi makwao. Mzazi sasa "amepona". Aingie jikoni, apike, afue, na kama ana kazi ya ofisi au duka, arudi. Na maradhi ya tezi ndiyo kwanza yanafunga safari! Yanabisha hodi mwezi wa tatu, wa tano, wa saba, wakati hakuna tena anayemtazama.

Basi hapo majina huanza kutolewa. Akihisi baridi, ataambiwa kaingiwa na baridi ya uzazi kwa sababu hakukandwa vizuri. Nywele zikidondoka, kuna aliyezitia jicho. Akigomba na kulia, ana pepo, aitwe mwalimu amsomee, anywe kombe. Akilala mchana, ndipo utamsikia wifi mtu akinong'ona barazani: "Kwani huyu ana n'ni? Kutwa kulala tu! Si yeye wa kwanza kuzaa." Na mume, ambaye hajui lolote, hurudi jioni akakuta chakula hakijaiva na mke hasemi naye. Sisemi kisomo ni kibaya, haki hiyo sina, na dua ni dua. Nasema tu kwamba dua na kipimo cha damu havigombani, na mgonjwa wa tezi aliyeitwa mvivu kwa miezi sita amedhulumiwa, wallahi. Nyumba hutetereka kwa jambo ambalo daktari angelitambua kwa mirija miwili ya damu.

Wala tusidhani hili ni jambo geni lililozuka juzi. Mwaka 1948 daktari mmoja wa New Zealand, H. E. W. Roberton, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, juu ya wanawake waliomjia baada ya kuzaa wakilalamikia ulegevu, baridi na mabadiliko ya nywele. Yeye hakuwaambia ni uvivu. Aliwapa dawa iliyotokana na tezi ya mnyama, na wakapata nafuu. Hata hivyo ilipita miaka mingi kabla ya wengine kuifuata njia yake. Wajapani ndio walioishika tena, wakiongozwa na Nobuyuki Amino. Mwaka 1982 walitangaza kwamba katika wanawake 507 waliowapima baada ya kujifungua, 5.5 katika kila 100 walikuwa na hitilafu ya tezi. Kule Wales, mwaka 1988, watafiti walipata karibu 17 katika kila 100. Bangkok nchini Thailand, mwaka 1990, walipata 1 tu. Utauliza, mbona hesabu zimepishana namna hiyo? Sababu ni nyingi. Kuna waliopima damu mara moja na kuna waliopima kila mwezi, na maradhi haya ukichelewa kidogo tu yamekwisha kubadili sura au yamejiondokea. Tena damu za watu na vyakula vyao havifanani. Ndiyo maana mimi nashika ile hesabu ya katikati, 5 hadi 10, wala sivutiwi na ile ya kutisha.

Kuna wanawake ambao hatari yao ni kubwa zaidi, na hawa inafaa wajulikane mapema. Wenye kisukari cha aina ya kwanza, kile cha kudungwa insulini tangu utotoni, hupatwa kama mara tatu zaidi ya wenzao. Wenye mama au dada aliyewahi kuugua tezi nao wamo. Pia kuna wanawake ambao damu yao, ukiipima mwanzoni mwa mimba, ina kingamwili zinazoielekea tezi. Katika hao, theluthi moja hadi nusu watapatwa baada ya kuzaa. Na aliyepatwa katika uzazi mmoja asijidanganye kwamba ameshalipa deni, kwa maana wengi wao, kama 7 katika kila 10, hupatwa tena katika uzazi unaofuata.

Sasa naingia katika jambo ambalo watu wa pwani hulitaja haraka kila tezi ya shingo inapozungumzwa, nalo ni chumvi. "Sisi twala samaki na twaishi baharini, rovu ni la watu wa bara." Maneno haya yana ukweli nusu. Tezi hutengeneza thairoksini kwa kutumia iodini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita madini joto. Ni kweli kwamba samaki wa baharini wana iodini. Lakini chumvi iliyoanikwa juani, hata ikitoka bahari hii hii, hubaki na iodini kidogo mno. Wapo wanaoamini kinyume, na Zanzibar ni ushahidi: tafiti zilizofanywa Unguja na Pemba miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuta rovu na upungufu wa iodini kwa watoto wa shule, visiwani, bahari imewazunguka pande zote! Hapa Kenya sehemu kubwa ya chumvi yetu hutoka jirani tu, katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, na sheria ya kutaka chumvi ya chakula itiwe iodini ipo tangu mwaka 1978. Kwa hivyo mama mwenye mimba au anayenyonyesha na atumie chumvi ya pakiti yenye iodini, aiweke katika chombo chenye kifuniko mbali na moto na unyevu, na aitie chakula kikikaribia kuiva, ndipo madini yasipotee.

Ila, na hapa naomba usikilize vizuri, maradhi ninayoyaeleza hayaletwi na upungufu wa chumvi. Yameletwa na wale askari wa kinga. Kumzidishia mzazi chumvi hakutamponya, kutampandishia presha tu. Na iodini nyingi kupita kiasi, kama ile ya vidonge na unga wa mwani unaouzwa kuwa dawa ya tezi, huweza kuichokoza tezi iliyokwisha kujeruhiwa. Rovu la upungufu wa madini na tezi ya mzazi ni mambo mawili, japo yote yanakaa shingo moja.

Kipimo ni kipi? Huchukuliwa damu mkononi, na huangaliwa hasa kitu kiitwacho TSH. Herufi hizi ni za homoni inayotoka katika tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo. Mfikirie mama aliye dirishani ghorofani, anamwita mwanawe anayecheza kichochoroni. Mtoto akiitika, mama hunyamaza. Asipoitika, sauti hupanda, mpaka mtaa mzima hujua jina la mtoto. TSH ndiyo sauti ya mama. Ikiwa juu sana, maana yake tezi ya shingo haiitiki, imechoka. Ikiwa chini sana, maana yake thairoksini imejaa tele katika damu, na hakuna haja ya kuita. Pamoja na TSH hupimwa thairoksini yenyewe. Maabara za hospitali kubwa hapa Mombasa hufanya kipimo hiki, na daktari wa hospitali kuu ya Pwani pale Makadara akishuku atajua la kufanya. Shida yetu haiko katika mashine. Shida ni kwamba mgonjwa hafiki, au akifika anasema "nimechoka", naye anajibiwa, "Nani asiyechoka akiwa na mtoto mchanga?"

Jibu hilo lina maana pia, tusilidharau. Kila mwenye mtoto mchanga amechoka. Nywele za wanawake wengi hudondoka mwezi wa tatu au wa nne baada ya kuzaa, tezi zao zikiwa nzima kabisa, na huota tena zenyewe. Upungufu wa damu nao huleta uchovu na moyo kwenda mbio, na kwetu ni jambo la kawaida mno kwa wanawake waliozaa. Huzuni ya uzazi nayo ipo, ni maradhi ya haki, wala si lazima itokane na tezi. Wanawake wengi hulia lia wiki ya kwanza au ya pili kisha wakatulia. Huzuni inayoendelea kupita hapo inahitaji daktari. Kwa hivyo mimi sisemi kila mzazi aliyechoka ana tezi. Nasema uchovu usiokwisha kwa usingizi, ukifuatana na baridi, choo kigumu na uzito kupanda, au moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, hautoshi kutafsiriwa kwa macho. Upimwe wingi wa damu, na TSH ipimwe siku hiyo hiyo. Kisha daktari ahakikishe kwamba ile sura ya kwanza si maradhi mengine ya tezi, yale yanayotoa macho nje na yasiyotulia yenyewe, maana matibabu yake ni mbali na haya.

Matibabu ya tezi ya mzazi hayatishi. Katika sura ya kwanza, dawa za kuizuia tezi isitengeneze homoni hazisaidii kitu, kwa kuwa tezi haitengenezi kupita kiasi, inavuja tu. Mwenye moyo unaokimbia sana hupewa dawa ya kuutuliza, kama vile propranolo, kwa muda mfupi, huku damu ikipimwa tena na tena ili sura ya pili isije ikamvamia ghafla. Katika sura ya pili, asiyesumbuka sana huweza kuangaliwa tu. Anayesumbuka, au anayetaka kushika mimba nyingine, hupewa vidonge vya thairoksini. Homoni hiyo ilitengwa mara ya kwanza na mwanakemia Mmarekani Edward Kendall, siku ya Krismasi mwaka 1914, na siku hizi hutengenezwa viwandani. Ni kitu kile kile ambacho tezi yenyewe ingetoa, kwa hivyo mama huendelea kunyonyesha bila hofu. Niliona nilitaje hili kwa sababu wapo wanaomwachisha mtoto ziwa wakidhani dawa itamdhuru.

Kuna mambo madogo ya kidonge hiki ambayo yasipofuatwa dawa huwa kama maji. Humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa maji matupu, kisha mtu angoje nusu saa au saa nzima ndipo anywe chai na mahamri yake. Tena kisichanganywe na vidonge vya chuma wala vya kalsiamu, vile ambavyo mzazi wa Kenya karibu kila mmoja hupewa kliniki. Vipishane kwa saa nne, la sivyo chuma hukishika kidonge tumboni kisiingie katika damu. Mwezi wa Ramadhani, kwa mwanamke anayefunga, daktari humpangia akimeze usiku tumbo likiwa tupu, au kabla ya daku. Asikiache mwezi mzima kwa kudhani hakuna nafasi. Kwa kawaida hutumiwa miezi sita hadi mwaka, kisha hupunguzwa kwa amri ya daktari ili kuona kama tezi imepata nguvu zake. Wengi hupona kabisa mtoto akifika mwaka mmoja. Lakini wapo, kama mmoja katika kila watano na katika tafiti nyingine zaidi, ambao tezi zao hazirudi tena, au hurudi kisha zikachoka miaka kadhaa baadaye. Hao humeza kidonge maisha, na huishi kama watu wote. Hata waliopona inafaa wapime TSH kila mwaka.

Kabla sijaendelea, lipo jambo moja nisiloweza kuliruka, kwa sababu linafanana na hili lakini ni zito zaidi. Mwanamke aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kuzaa, mpaka akazimia au kuongezewa damu, kisha maziwa yakakataa kutoka, na hedhi haikurudi hata baada ya kumwachisha mtoto, huyo asiambiwe tu kwamba tezi yake ya shingo imechoka. Huenda ile tezi ya chini ya ubongo ndiyo iliyokosa damu ikafa sehemu. Daktari Mwingereza Harold Sheehan ndiye aliyeieleza hali hii vizuri mwaka 1937, na imebaki na jina lake. Kwa mwanamke kama huyu TSH huweza kuonekana ya kawaida, kwa sababu yule mama wa dirishani mwenyewe ndiye aliyepoteza sauti. Asipoeleza kwamba alitokwa na damu, kipimo kitadanganya. Kwa hivyo habari ya damu iliyomwagika isemwe, hata kama imepita miaka.

Nirudi kwenye kliniki, maana hapo ndipo naona dawa ya uhakika ipo karibu na hatuitumii. Mtoto wa Kenya hupelekwa kuchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hupelekwa tena miezi sita kwa matone ya vitamini A, na miezi tisa kwa chanjo ya surua. Kila mara huvuliwa nguo, huwekwa kwenye mizani, uzito wake huandikwa katika kile kitabu cha mama na mtoto, muuguzi akasema, "Mtoto anaendelea vizuri." Na aliyembeba? Amekaa kwenye benchi, kajifunga leso mbili kwa baridi, saa nne ya asubuhi, mwezi wa Februari! Miezi ya chanjo na miezi ya maradhi ya tezi imeangukiana kana kwamba mtu aliipanga kwa makusudi. Katika benchi lenye akina mama ishirini wenye watoto wa miezi sita, mmoja au wawili wana jambo hili shingoni mwao. Swali moja tu, "Na wewe mama, mwili wako vipi? Unasikia baridi? Moyo unakwenda mbio?", halichukui hata dakika. Muuguzi asipouliza, mama na aseme mwenyewe, na akiona haya, aliyemsindikiza amsemee. Mara nyingi anayesindikiza ni mdogo wake mwenye likizo, yaani mimi na wewe.

Linalonifanya nisisitize hivi ni mimba ijayo. Mwanamke ambaye tezi yake imechoka bila kujulikana, akashika mimba tena, yumo katika hatari ya mimba kuharibika na presha kupanda, na mtoto huzaliwa kabla ya wakati mara nyingi zaidi. Kwa hivyo aliyewahi kupatwa na aseme siku ya kwanza ya kliniki, asingoje tumbo lionekane, na TSH ipimwe siku hiyo. Aliye katika vidonge hasiti kuvimeza kwa kuogopea mimba, bali humwendea daktari upesi akaongezewa kipimo, mara nyingi kwa robo au theluthi ya kile alichozoea. Katika miezi mitatu ya mwanzo tezi ya mtoto aliye tumboni haijaanza kazi yake sawasawa, na thairoksini yote inayojenga ubongo wake hutoka katika damu ya mamake.